Matairi Matatu, Kibua

Jumatatu, 9 Machi
Nimeamka tena ndani ya gari, shingo imekakamaa. Nimepangusa kioo, nimelizunguka gari lote kama kawaida. Tairi la nyuma, la kulia, limekwisha kabisa. La kwanza lilipasuka karibu na Masisi nikaweka la akiba. Jana la akiba lilichanika kwenye jiwe, hapa Kibua. Sina lingine.

Nimepanda kilima kutafuta mtandao. Nimempigia mdogo wangu Bahati, yuko Sake, anitumie tairi la seize, kumi na sita, kwa pikipiki. Itebero, kwa Odette, sikupiga. Alishasema yake, mara moja tu: "Ukuye kunichukua mbele ya siku ya Mungu. Kisha pale, usinitafute tena." Yaani nifike kabla ya Jumapili hii.

Ni mke wangu. Ana mwaka kwa dada yake. Aliondoka akisema gari nililioa kabla yake.

Jumanne, 10 Machi
Mvua. Hakuna pikipiki. Mama Zawadi, mwenye shamba la mihogo hapa kando, ameniletea sombe, yale majani ya mihogo, na bugali. Nimekula peke yangu, mlango umefungwa. Injini ikiugua najua la kufanya. Na watu, maneno yananiishia.

Jumatano, 11 Machi
Tairi limefika. Si lenyewe. Nina hasira.

Yangu yameandikwa 265/70R16. Hili 215/65R16. Kumi na sita ni kipimo cha janti tu, lile duara la chuma. Ndiyo hiyo seize tunayoitaja wote dukani tukidhani tumemaliza. 265 ni upana, kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, sabini kwa mia ya huo upana. Basi hili ni jembamba, tena ni fupi. Hata uzito halibebi sawa: yangu yana namba ya uzito 112, hili 98, la gari dogo la mjini.

Innocent, kijana wa pikipiki aliyelileta, alishangaa. "Papa, si mulisema seize? Hii njo seize." Kweli nilisema. Ujinga wangu mwenyewe.

Nimelifunga hata hivyo. Janti imelikubali. Nimeshusha kriki iliyoinua gari, likalala upande, vidole vitatu hivi. Magurudumu ya nyuma yakipishana kimo, difu, zile gia za katikati yao, haipumziki, itaungua. Ningeliweka mbele, la mbele nyuma, niende polepole, ila hapo nisingeweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, na huko mbele matope yanafika tumboni mwa gari. Nimelifungua.

Innocent amerudi nalo Sake. Namba zote za yangu nimeandika kwa chaki ubavuni mwake. Anasema atarudi Jumatatu. Jumapili itakuwa imepita.

Alhamisi, 12 Machi
Pikipiki zinapita kwenda Walikale, njia ya Itebero. Ningepanda moja. Lakini gari je? Nikiliacha watafungua hadi vioo. Jasho langu lote limo humo.
Nimebaki.

Ijumaa, 13 Machi
Nimebaki tena. Nimeliosha. Gari liko juu ya mawe, matairi matatu, na mimi naliosha! Mama Zawadi alipita na jembe, akacheka. "Papa, weye njo unachunga gari, ao gari njo iko inakuchunga?"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikalia. Huu upweke unauma kama jino.

Jumamosi, 14 Machi
Nimempa Mama Zawadi funguo. Nimepanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Sikugeuka nyuma. Uongo. Niligeuka mpaka kona ikalificha.

Itebero jioni, matope hadi kiunoni. Odette alikuwa anatwanga. Aliangalia barabara nyuma yangu.

"Gari iko wapi?"

Nikamwambia Kibua, juu ya mawe.

"Uliiacha?"

Niliiacha. Akarudi kutwanga. Shemeji amenipa chai na pa kulala. Naogopa.

Jumatatu, 16 Machi
Kibua. Wameiba betri. Redio pia. Mama Zawadi anaomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeiba. Nilingoja hasira ipande, haikupanda sana.

Innocent ameleta tairi. 265/70R16, 112. Nimelisoma mwenyewe mara mbili kabla ya kulifunga. Gari limesimama sawa. Bila betri haliendi popote. Bahati anatafuta nyingine, tunangoja.

Odette ameketi kiti cha mbele, miguu nje, anamenya ndizi. Jana baada ya misa alisema tu, "Twende." Hajaniambia kama anakuja kukaa, na mimi sijauliza. Mzigo wake ulijaza pikipiki nzima: nguo, mkeka, jembe, sufuria zote mbili.