Ubao Mama Ukitolewa

Jumapili, 2 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Umeamkaje? Najua jana tumeongea saa mbili nzima kwenye gemu letu la mbio za magari, lakini kule tunaongea kona na breki tu, afya yako hatuigusi. Mimi ni mzima. Wiki nzima nimeshinda kwenye shimo la lifti ya jengo la ofisi, ghorofa kumi na nne, natoka natema vumbi.

Jana uligonga ukuta mara nne, pale pale kwenye kona ya daraja. Mwaka jana kona ile ulikuwa unaipita huku unaniimbia masikioni, mimi niko nyuma nakula moshi. Ulisema, "Mashine inachelewa. Nakanyaga breki, yenyewe inafikiria kwanza." Maneno hayo yamenikaa kichwani. Kompyuta hiyo nilikuachia miaka sita iliyopita, na hata wakati ule haikuwa mpya. Gemu nalo kila mwaka linaongezwa mambo. Prosesa ndiyo ubongo wake, naona umechoka. Nafikiria tubadilishe prosesa pamoja na ubao mama, lile bamba kubwa ndani ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake.

Nimemwomba Nati, yule niliyesoma naye mwenye duka la kompyuta, apite aipime. Mfungulie.

Mwanao


Ijumaa, 7 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani haijambo, na jirani bado anapiga ngoma ukuta wangu akidhani anatundika picha. Wewe unakula? Sauti yako Jumamosi ilikuwa ya mtu aliyeshindia chai.

Nati kaja, skrubu mbili mdomoni kama kawaida yake. Alifungua kompyuta yako, akaipuliza vumbi la miaka, akaniambia niendeshe gari huku yeye anasoma namba zake. Nikaendesha. Kisha akanieleza hiyo habari yenu. Ati prosesa mpya haikai kwenye ubao mama wa zamani, matundu hayalingani. Nikamuuliza, kwa hiyo? Akanijibu bila hata kupepesa, "Itabidi mama atoke, Mama."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka.

Iache, mwanangu. Inachelewa kidogo tu na nimeshaizoea. Wewe una mambo yako huko, mimi kugonga ukuta wa kuchora hakuniumizi. Na jambo jingine: acha kunisubiri pale konani. Unadhani sioni taa zako za breki zikiwaka mbele yangu? Sijawa mgonjwa wa kusubiriwa.

Mama yako


Jumapili, 16 Februari

Mama,

Shikamoo. Hujambo kweli? Nauliza kwa sababu jana hukuingia kwenye gemu. Nilizunguka peke yangu, nikasimama darajani mpaka gemu likanitoa lenyewe.

Nati ananiambia alikuja Alhamisi na boksi, ukamjibu kupitia dirishani kwamba una wageni. Wageni gani, Mama? Alisema nyumba ilikuwa kimya.

Aliponipigia baada ya kupima tuliongea mengi. Nimeamua tusibishane, tubadilishe tu vyote viwili. Mashine ikiwa mpya nitatulia. Angalau tutajua kama kosa ni la mashine. Kazi yangu haitaki mtu mwenye mawazo. Juzi nilikuwa juu ya paa la lifti, nikasahau nimeshika bomba la nini, mwenzangu akanipigia kelele.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao


Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Nimekunyima barua karibu mwezi mzima na Jumamosi zote hizo. Sikuwa na wageni. Nilikaa chini ya dirisha kwenye sakafu mpaka Nati akaondoka na boksi lake, mtu mzima na mvi zangu.

Umeandika "angalau tutajua". Hicho ndicho ninachokimbia.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nashona mapazia ya ukumbi. Nimefika mwisho wa upindo, nikauambia mguu inuka kwenye pedali ya cherehani. Haukuinuka. Cherehani ikaendelea kukimbia, sindano ikatoboa kucha ya kidole changu. Nilimwambia mteja nimebanwa na mlango. Nawe nilikuambia hivyo hivyo, na ukaamini. Tangu siku hiyo mguu wa kulia unanisikia, lakini unajibu ukitaka. Pedali yako ya breki ni hivyo hivyo. Natuma amri, nahesabu moja, mbili, ndipo unakanyaga, na gari limeshafika ukutani.

Bibi yako wewe ulimkuta kitandani. Mimi nilimkuta akitembea. Alianza kwa kandambili ya kulia kumvuka mguuni njiani bila yeye kujua. Tulilaumu kandambili. Tukamnunulia nyingine, yenye kamba ya nyuma, na tukafurahi wiki nzima kwa sababu ile haivuki. Baada ya hapo nilimgeuza ubavu kwa miaka kumi na moja. Alikuwa fundi kuliko mimi, na mwishoni nilimshikia kikombe.

Sasa umeelewa. Kompyuta ikiwa ya zamani, kosa lina mwenyewe. Ukiniletea mpya, na mimi nikagonga ukuta ule ule, nani atabaki wa kulaumiwa? Naogopa, mwanangu. Naogopa mpaka asubuhi naogopa kuvaa viatu.

Usimwambie mtu.

Mama yako


Alhamisi, 13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za jengo.

Sikukueleza yote. Nati alipopima, aliniambia prosesa haikufika hata nusu ya nguvu zake wakati unaendesha. Alisema, "Kompyuta ya mama yako ni nzima kuliko ya kwangu." Nikamwambia apeleke boksi hivyo hivyo. Nilitaka kosa liwe la kompyuta, Mama. Nilitaka sana. Nilidhani tukibadilisha kila kitu, labda namba za Nati zitakuwa za uongo. Kwa hiyo ile kandambili ya Bibi, na mimi nilikuwa nakununulia.

Mimi pia naogopa. Uamuzi nakuachia. Ukitaka, boksi lirudi dukani, sitasema neno. Lakini mshono ukiruka, uliniambia nini? Badilisha sindano, shona kipande cha majaribio, na kama bado unaruka, fungua mashine. Sikuwahi kukuona ukiufunika kwa kitambaa na kuendelea.

Nitakuwepo Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, uje usije.

Mwanao


Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo nakuandikia kwa simu, kidole kimoja kimoja, nimekaa kwenye benchi.

Ijumaa nilimwita Nati mwenyewe. Alitandaza kila kitu juu ya meza yangu ya kukatia, nikamsogezea chaki na mkasi pembeni. Ubao mama wa zamani ulipotoka niliuomba niushike. Mwepesi kuliko nilivyodhani. Nati akauliza autupe wapi, nikamwambia humu ndani hatutupi mama. Nimeutundika juu ya cherehani, kwenye msumari wa kalenda.

Jumamosi uliona mwenyewe. Barabara ilikuwa safi, majani ya miti nayaona moja moja, na usukani nikiugusa tu, unaitika. Mzunguko wa kwanza ulipoanza nilisema kimoyomoyo, haya, ilikuwa kompyuta, nilijitisha bure. Halafu ikaja kona ya daraja. Nikatuma amri. Moja, mbili.

Mimi nilivua vifaa vya masikioni nikalia, kisha nikavivaa tena, na wewe bado ulikuwepo unapumua.

Nipo hospitali. Nati amenisindikiza, ameenda kutafuta maji. Nina namba arobaini na moja, wameshaita thelathini na nane. Nimemwandikia daktari kwenye karatasi kila kitu, cherehani, breki, kandambili za bibi yako, ili nisije nikafika mbele yake nikaanza kucheka na kusema ni mlango. Naogopa vile vile kama juzi, usidhani nimekuwa shujaa. Mguu umetulia tu hapa kama si wenyewe uliotuleta.

Arobaini. Wakiniita nitachelewa kuinuka, watanivumilia.

Kuna neno nilikuandikia mwezi wa pili, lifute. Jumamosi ukifika pale konani, nisubiri.

Mama yako