Goti Lisilouma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umekubali kukaa kwenye cherehani bila ugomvi. Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, na nakasirika kwa wakati wake.

Ujumbe wako umenifika. Unasema nirudi nyumbani, kwamba redio imetangaza goti langu limekwisha, na kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mama, kwa heshima zote, kwetu hakuna hata uwanja wa tenisi. Na hiyo redio haijawahi kuwa na goti. Ngoja nikusimulie jambo lilivyoanza, ucheke kwanza, ndipo unikasirikie.

Siku chache kabla ya mashindano nilikuwa nimemaliza mazoezi, nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, taulo kichwani. Daktari wa timu akachungulia mlangoni akauliza: goti, bado? Unakumbuka goti hili liliteguka mwaka jana, likapona. Mimi nikadhani anauliza kama limeanza kunisumbua tena, nikajibu, bado. Kumbe mwenzangu alikuwa anauliza kama linauma mpaka leo. Akaguna kwa masikitiko, akaenda zake. Neno moja, mama, na kila mtu akaondoka na lake.

Daktari akamwambia kocha, kocha akamwambia mkewe, na ukishamwambia mke wa kocha huna haja ya kununua gazeti. Kesho yake waandishi wa habari walijaa getini, wanakagua miguu yangu kama wanunuzi wa mbuzi. Mmoja akaniuliza kama nina neno la mwisho kwa mashabiki. Nikamwambia neno la mwisho ni kwamba asogee, ananizibia njia.

Kocha alipojua ukweli alitaka kwenda kusahihisha. Nikakataa. Alisema huo ni udanganyifu, nikamwambia sijamdanganya mtu, nimeulizwa nikajibu. Akanuna siku nzima, lakini akanyamaza.

Basi, fainali nikapangwa na yule binti wanayemwita Kimondo, msichana mdogo anayekimbia kama ameacha maziwa jikoni. Mwalimu wake alishamfundisha pa kunipatia: mipira mifupi, ile inayodondoka mara tu baada ya kuvuka wavu, ili goti linisaliti. Niliikimbilia yote, mama. Kila alipoudondosha mpira alinikuta pale namngoja. Seti ya kwanza nikachukua. Ya pili akanishinda, na nitakuambia kwa nini. Ya tatu mpango wake ulikuwa umemchosha mwenyewe lakini hana mwingine, nikammaliza. Waliponitangaza bingwa tena nililia mbele ya watu, wala sioni haya.

Sasa sikiliza ambayo redio haiyajui. Goti ni zima. Kilichoanza kuchakaa ni bega, bega la mkono ninaopigia. Ule mpira wangu wa kuanzishia, uliokuwa unawafumbisha watu macho, siku hizi wanausubiri hadi unafika. Asubuhi nikichana nywele, mkono huo nauinua kwa msaada wa mwenzake. Seti ya pili uligoma kabisa, na uwanja mzima ukatikisa kichwa ukisema ni lile goti. Kocha hajui. Daktari hajui. Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu nimechoka kuogopa bila mwenzangu. Maana naogopa, mama.

Nguvu zimeanza kushuka, sikatai. Lakini anayeshuka ngazi hajaanguka. Macho yako yalipoanza kukataa kutunga uzi kwenye sindano, wewe hukuuza cherehani. Uliniita nikutungie, ukaendelea kushona, na gauni za miaka hiyo ndizo watu wanazozisifu mpaka leo. Mimi nami ninajifunza kuupindisha mpira badala ya kuutwanga, na nakuahidi bega nitamwonyesha daktari wiki hii, tena nitamweleza kwa sentensi ndefu asije akapotea tena. Ila kustaafu, hapana. Anayeutaka ubingwa wangu asiungoje kwenye taarifa ya habari. Aje auchukue uwanjani, mchana, nikiwa nimesimama.

Nina ombi moja. Miaka yote hii hujaja kunitazama hata mara moja. Unasema moyo wako hauwezi, seti ya mwisho ikifika unazima redio, unamsubiri kaka aje akuambie matokeo. Mwakani njoo. Sikuiti kuniaga. Njoo ukae mstari wa mbele uuone mkono huu uliouzaa mwenyewe ukiinuka, maana siku itafika hautainuka tena, na sitaki uwe umeusikia tu.

Mpe kaka salamu nyingi, na umwambie yale magazeti yake afungie sabuni. Shangazi naye msalimie, hata kama yeye ndiye aliyeliombolezea goti langu kabla ya kuniuliza mwenyewe. Naibusu mikono yako yote miwili. Nangoja jibu lako, na liwe ndiyo.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Kitindamimba