Kwa Dada Kabula, Habari za Maji ya Maduhu

Dada yangu Kabula,

Mwangaluka huko uliko. Sisi tumeamka. Siku hizi kuamka kwenyewe ni kazi, lakini tumeamka.

Mwandiko wangu unaufahamu, usiucheke. Darasa la tano niliacha mwenyewe kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa, mimi bado nina njaa ya elimu. Wewe ulikuwa ukinisikia nikisema hivyo unaropoka mbele ya wageni, "Masunga, mwalimu ndiye aliyekuchoka." Sasa hakuna wa kunikatiza. Ndiyo maana naandika. Nikisema kwa mdomo chumvi inaingia yenyewe, na habari hii sitaki iwe na chumvi.

Ni habari ya mwanao Maduhu. Najua ungeinuka leo, hilo ndilo ungeuliza kabla hujajikung'uta udongo: mkojo wake ukoje?

Unakumbuka siku tuliyomrudisha kutoka hospitali ya rufaa? Kijana aliyekuwa anapandisha gunia la pamba kwenye lori peke yake (mimi nilipandisha mawili kwa mpigo, lakini hayo tuyaache), halafu siku moja akaanguka kutoka juu ya lori hilo hilo na hakuinuka tena. Uti wa mgongo, walisema. Kuanzia kiunoni kushuka hasikii kitu. Tulimshusha kwenye basi pale stendi ya Dutwa mimi na kondakta, wewe umeshika ule mfuko wa mkojo na mpira wake kama umeshika yai. Watu wa stendi wanaangalia mfuko. Wewe ukawaambia, "Mnaangalia nini, nyie hamkojoi?" Nilijivunia kuwa ndugu yako siku ile kuliko siku nilipompiga fisi ngumi.

Nesi alikuwa amekufundisha yote. Nawa mikono kwanza. Mfuko uwe chini ya kiuno, mkojo usirudi ndani. Maji anywe mengi. Na akakwambia neno moja ambalo mimi sikulielewa mpaka baadaye: mtu mwingine akipata UTI anaungua, anapiga kelele, lakini huyu hatasikia, kwa hiyo wewe ndiye utakayesikia kwa niaba yake.

Ukaanza kusikia. Kila asubuhi unainua mfuko juani unautazama kama mtu anayetazama mvua itanyesha wapi. Ulichemsha ndevu za mahindi. Ulitwanga mbegu za maboga. Ulilowesha ukwaju. Na mimi mdogo wako, mjomba ambaye Maduhu anamwita mami, sikukaa bure, nilikwenda ng'ambo ya Maswa kwa baiskeli nikamletea mizizi kutoka kwa mzee mmoja ambaye alikataa kunitajia jina la mti. Ulipoipeleka mizizi ile kwa nesi wa zahanati, akaigeuza geuza.

"Mama, maji ya ukwaju akipenda mpe, si mabaya," akasema. "Ndevu za mahindi nazo, ni maji tu yenye rangi. Hii sijui ni nini na figo zake hazijui pia. Na homa ikija, usikae unachemsha. Mlete."

Mizizi yangu ukaiwashia moto wa ugali. Nilinuna. Ugali ule niliula.

Lakini shida haikuwa dawa, dada. Shida ilikuwa maji. Kijana wako alikuwa hanywi. Akinywa mfuko unajaa, mpira ukivuja shuka zinalowa, na maji ya kufulia unayatoa wewe kisimani kwa kichwa. Alikuwa anakuhurumia kwa kiu. Ukabembeleza, ukagomba, ukalia. Halafu siku ile nimekaa mlangoni namsimulia habari ya ng'ombe wangu dume aliyekuwa anaelewa Kiswahili, namna nilivyomtuma mnadani na akarudi na chenji, ukaona Maduhu anacheka. Ukaleta kikombe.

"Haya," ukamwambia, "kila mami yako anapodanganya, unapiga funda."

Kikombe kiliisha kabla ng'ombe hajafika mnadani. Ukaniangalia. "Masunga, uongo wako leo umepata ajira."

Nilifanya ajira ile kwa moyo. Niliwaleta pale mlangoni kambare aliyemeza tairi la baiskeli, na nyuki walionisindikiza mpaka Shinyanga wakiniimbia. Maduhu anakunywa, na wewe pembeni unakunywa naye kikombe kwa kikombe ili asijione mgonjwa. Nimekaa na wakubwa wengi, sijawahi kupata wasikilizaji kama nyie wawili.

Sasa nikukumbushe siku ya miguu. Najua unaikumbuka. Nami pia, hata nikitaka kuisahau.

Wewe ulikuwa shambani unapalilia pamba. Mimi nimeingia kumsalimia, nikaona blanketi linaruka. Nikalifunua. Miguu, dada! Miguu ya Maduhu, iliyolala kama magogo tangu lori, inacheza! Goti linapanda, kisigino kinapiga godoro. Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe wakakatisha malisho. Majirani wakajaa uani, akina mama wakapiga vigelegele, yule bibi jirani yetu anayetembelea fimbo akaitupa fimbo akacheza. Mwingine anasema sala zimejibiwa, mwingine anasema waliomroga wameshindwa. Mimi nikashika mbuzi wangu mwenyewe, hakuna aliyenituma, nikamchinja. Ndani Maduhu anatabasamu, jasho linamtiririka usoni, tukadhani ni furaha. Alikuwa ameshaomba aletewe viatu vyake.

Ukaja mbio na jembe mkononi. Hukumtazama mtu. Ukaweka kiganja kwenye paji lake, ukainua mfuko juani. Mkojo ulikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Ukanusa. Halafu ukatugeukia.

"Nyamazeni. Mwanangu anaumwa."

Mimi bado nina damu ya mbuzi mkononi. "Dada, miguu inarudi!"

"Hairudi, Masunga. Ni UTI inayoichezesha. Mwili unaomba msaada, na mdomo wake haujui."

Nilimwangalia Maduhu wakati unasema. Nimeona watu wakizikwa, sijaona uso unaozimika vile. Akakwambia viatu virudishwe vilipokuwa. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda Bariadi, na njia nzima ukawa unamfuta jasho na kumsemesha Kisukuma cha utotoni. Akapona. Daktari alisema ungengoja mpaka jioni ile, ugonjwa ungeingia kwenye damu. Nyama ya mbuzi waliila majirani.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba anayemweka Maduhu hai si ukwaju wala mimi. Ni pua yako na macho yako.

Halafu ukafa wewe.

Sijui niandikeje. Uliinama shambani kwenye mstari wa pamba, hukuinuka. Presha, walisema. Mimi nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumzika mwanao, Mungu anisamehe, nilishachagua hata mahali, na pale pale ndipo tulipokulaza wewe. Maduhu alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu ukingoni mwa kaburi, akaomba asogezwe karibu zaidi. Nikakataa, niliogopa udongo. Akasema, "Mami, niache nimwone tu."

Nikamhamishia kwangu. Mke wangu alitaka kumsaidia kujisafisha, Maduhu akajifunika uso kwa shuka. Kwa hiyo ni mimi. Mikono hii iliyoshika pembe za madume, sasa inajua kusafisha mpira kwa sabuni na kumwaga mfuko. Mwanzo nilikuwa natazama ukutani. Sasa natazama kazi. Mfuko nauinua juani kama ulivyokuwa unafanya, lakini sina macho yako, dada. Kila ukungu unanitisha.

Nilichemsha ndevu za mahindi, nikalowesha ukwaju. Nikakaa mlangoni nikasimulia, nikaleta hata simba, simba ambaye wewe ulinikataza kumsimulia. Maduhu anasema, "Ndiyo, mami," kikombe kinarudi kitupu, nami najisifu kijijini kizima kwamba mwanao kwangu anakunywa kuliko ng'ombe. Na kuku wangu wakampenda ghafla. Kutwa wako chini ya kitanda chake. Nikajisifu na hilo.

Juzi miguu ikacheza tena.

Yule bibi wa fimbo alikuwa uani, akafungua mdomo apige kigelegele. Nikamwambia, "Bibi, usipige." Nikaingia. Jasho usoni, kichwa kinamgonga, mkojo mchafu hata kwa macho yangu. Maduhu akanishika mkono.

"Mami, leo usinidanganye. Ni ule ugonjwa?"

Maisha yangu yote, dada, sijawahi kukosa hadithi. "Ni ule ule," nikamjibu. "Twende."

Bariadi wakamtoa mpira wa zamani, wakaweka mpya, wakamtundikia dripu na dawa. Nesi akaniuliza, "Mjomba, anakunywa maji?"

"Anakunywa sana! Kwangu mimi..."

"Sinywi," akasema Maduhu, macho kwenye dari. "Namwaga chini ya kitanda. Kuku wanakunywa."

Nesi akamuuliza kwa nini.

"Mama alikuwa mama. Huyu ni mjomba. Mtu mzima na mvi zake, anafua mikojo yangu kisimani, wanaume wenzake wanapita wanamwangalia. Nikiacha kunywa, anapumzika."

Nilitaka kumwambia kwamba nimewahi kufua mablanketi ya kambi nzima ya jeshi kwa sabuni moja. Neno lilikuwa limefika hapa mdomoni. Nikamwambia, "Maduhu, sina dada tena. Sina mwingine wa kunibishia. Ukinifia, nitaongea na nani?" Akalia. Nami nikalia, mbele ya wanaume wenye plasta, na sikuona aibu hata kidogo.

Homa imeshuka. Tumerudi nyumbani jana, na vidonge vya kumalizia, na onyo kwamba asiviache hata akijisikia mzima. Figo wamesema wataziangalia tena. Hawakusema ni nzima. Sikufichi.

Leo mchana amelala kidogo baada ya dawa. Mimi nimekaa mlangoni naandika hii. Nikasikia anaita, kwa sauti ndogo ya mtoto, macho bado yamefumba.

"Mayo. Mayo, minzi."

Mama, maji. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike ameomba mwenyewe, na aliyemwomba ni wewe. Sikumwambia kwamba hupo. Sikukohoa hata, asijue ni mimi. Nikamimina, nikamwinua kichwa kwa kiganja taratibu kama nilivyokuona ukifanya, nikamwekea kikombe mdomoni. Akanywa chote. Akashusha pumzi, akalala.

Usimwambie kwamba ni mimi.

Pumzika, dada. Zamu yako umeimaliza.

Mdogo wako,
mami wake Maduhu