Rejeta Chini ya Meza

Baba Upendo,

Kamwene. Najua hutaitika, lakini sikuwahi kuanza mazungumzo nawe bila salamu na sitaanza leo.

Nimekaa kwenye meza ile ile, blanketi mabegani, mwandiko umekuwa wa mtoto wa darasa la pili. Daktari ameniambia moyo umechoka. Alisema kwa adabu sana, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kosa ubaoni, nami nikamwelewa mara moja. Kwa hiyo sina tena muda wa kuahirisha. Kuna jambo nililijua miaka yote nikanyamaza, nawe ukaondoka ukidhani sikulijua. Sitaki nikufuate nalo likiwa bado halijasemwa.

Ni kuhusu ile rejeta.

Unakumbuka jinsi kompyuta ya kwanza ilivyokufa? Miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mtu ana mradi wake, hata walimu. Wenzetu walifuga kuku. Wewe ukaenda kupanga chumba Makambako, kazi ya kuchapa barua na mitihani, chumba kinachogusana ukuta na mashine ya kusaga. Ulifurahi kwamba kodi ni ndogo. Baada ya wiki mbili tukajua kwa nini ni ndogo. Pumba zilitanda kwenye karatasi, kwenye nywele, kwenye chai. Feni ya kompyuta ikazivuta mpaka ikasimama. Fundi alipofungua kasha alicheka, akakuambia, "Mwalimu, hapa ungechemsha maji tu, usonge."

Mtu mwingine angehama chumba. Wewe ulirudi Njombe Jumamosi ukakaa na penseli, chakula kikapoa mbele yako. "Pumba zinaingia na hewa," ulisema. "Nitaziba hewa." Nikakuambia itaiva humo ndani kama kiazi. Ukaniangalia kwa yale macho ya darasani. "Joto nitalitoa kwa maji. Gari linafanyaje?"

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, wewe wa fizikia, na tangu tulipokutana shuleni Kidugala tulikuwa tukibishana hivyo. Sikubisha sana safari ile. Nilitaka kuona.

Kompyuta ya pili ukaifungia ndani ya kabati. Rejeta ulipata kwenye lori bovu, ile ndogo ya kupasha joto sehemu ya dereva. Shaba ulinunua kwa wauza vyuma chakavu, fundi rejeta wa karibu na stendi akakuchomelea kijikasha bapa cha kukaa juu ya kichwa cha mashine, pale panapochemka, maji yapite ndani yake. Pampu ndiyo ilitusumbua. Ukamwagiza Bwana Shomari, yule wa malori, akutafutie Dar es Salaam pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Aliileta ameifunga kwenye kitambaa, akasimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa.

"Haya Mwalimu, pampu hii. Samaki wako wapi?"

"Sina samaki, Bwana Shomari. Ni ya kompyuta."

"Kompyuta inaogelea?"

Toka siku hiyo hukupata amani mjini. Wapiga debe walikuuliza gari lako la kwenye kabati linaondoka saa ngapi. Mama wa mgahawa akauliza kama anaweza kuchemshia mayai. Nawe ulikuwa ukiwajibu wote kwa utaratibu, ukiwachorea na mchoro, mpaka wakawa wanajuta kuuliza.

Nakumbuka zaidi ile Jumapili ya kujaribu maji. Hatukuwa na cha kutuonyesha uvujaji mdogo, ukachukua unga wa sembe uliotuama dirishani, unga ule ule uliotuulia mashine, ukaupaka kwenye kila kiungo cha mpira. Tukapiga magoti sakafuni, wewe na mimi, watu wazima na vyeti vyetu, tukikodolea macho unga mkavu. Kiungo kimoja kikalowa, doa kama punje ya mtama. Ukapiga kelele ya furaha kana kwamba umeona dhahabu. Ukakaza kile kibano, tukapaka tena, tukasubiri tena. Sijui kwa nini siku hiyo inanirudia kuliko hata ya harusi yetu. Labda kwa sababu kwenye harusi kulikuwa na watu wengi.

Mashine ikafanya kazi. Kabati limezibwa kabisa, pumba zinaangukia juu yake na hazina la kufanya. Nilikuwa nakuja mwisho wa wiki kuchapa kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Vilikuwa.

Kisha mwenye nyumba akakitaka chumba aweke mashine ya pili ya kusaga, tukalihamishia kabati lako hapa nyumbani. Hapo ndipo ulipokosea, na sijawahi kukucheka vya kutosha. Uliipeleka rejeta nje, ukaitundika ukutani upande wa shamba la viazi, mipira ikipita kwenye tundu la ukuta. Ukasema baridi ya Njombe ni ya bure, tuitumie. Mwezi wa sita huo! Mkinga wa Ipelele, mtu aliyekua akiona sakitu ikiunguza majani ya viazi mpaka yanakuwa meusi, akaacha maji nje usiku kucha. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na rejeta imepasuka, barafu imechungulia kwenye ufa. Ulisimama pale na sweta limegeuzwa nje ndani. Nilikuambia tu, "Mwalimu, fizikia hiyo." Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Fundi akaiziba. Ukairudisha ndani. Na hapa ndipo penyewe.

Uliiweka chini ya meza. Ukasema hakuna mahali pengine. Lakini palikuwepo, Baba Upendo. Nyuma ya kabati palikuwa wazi, na pale kando ya dirisha palikuwa pazuri zaidi. Joto hupanda. Unajua kwamba hupanda, uliwachapia watoto mitihani ya jambo hilo hilo. Mwalimu wa fizikia gani anaweka moto chini ya kitu anachotaka kukipoza? Halafu ukatengeneza kile kibao cha mshazari mbele yake, na wavu ili mtu asiungue. Ukasema ni cha kuikinga rejeta isipigwe teke. Nikakaa kuchapa, nikanyoosha miguu, ikatua juu ya kibao hicho sawasawa. Miguu yangu mifupi, ambayo haijawahi kufika chini kwenye kiti chochote cha nyumba hii.

Ulikuwa umeniona nikiisugua usiku. Baridi yabisi ilikuwa imeanza, nami sikuwa nimekuambia.

Joto lenyewe lilikuwa dogo, kama la paka aliyelala. Lakini nilichapa mitihani ya shule ngapi kwa sababu yake! Nyingine niliichapa polepole makusudi. Zipo jioni nilizowasha mashine bila kazi yoyote, nikaandika jina langu, nikafuta, nikaandika tena.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya lile sweta la kijani. Uliponiletea kutoka mnadani, tukiwa bado wachanga kwenye ndoa, nilikushukuru mbele ya kaka zako. Walikutania mpaka mwisho wa mavuno: mke ameshakukalia, utafua na nepi. Hukunipa tena kitu kwa mkono wako. Vitu vikaanza kutokea vyenyewe kwenye kiti: kanga, viatu, sukari. Nikajifunza kuvichukua bila kuuliza. Niliogopa nikishukuru kwa ajili ya rejeta utaitoa, utasema ilikuwa pale kwa bahati tu. Kwa hiyo kila jioni uliuliza, "Mashine inapoa vizuri?" nami nikajibu, "Inapoa." Ukaridhika, ukarudi kwenye redio yako.

Wodini, siku zako za mwisho, uliniuliza tena. Mashine ilikuwa imekufa zamani na wewe ulikuwa unalijua hilo. Nikajibu, "Inapoa, Mwalimu." Ukafumba macho. Hilo ndilo limenikaa kooni tangu nikuzike. Nilikuwa na nafasi ya kukuambia nikakupa jibu la mazoea.

Mengi yamebadilika. Pale kwenye viazi jirani amepanda maparachichi. Chumba cha Makambako sasa wanauza makava ya simu. Bwana Shomari naye alishatangulia, wanawe ndio wanaendesha malori.

Wiki iliyopita Upendo alikuja kunichukua nikaishi kwake Mbeya. Akaanza kupanga vitu. Akasema, "Mama, hili dude linakusanya vumbi tu, wa vyuma chakavu wako barabarani." Nikamwambia aingie kwanza mvunguni alitazame. Alitambaa, mtu mzima na magoti yake mabovu. Akakaa kwenye kiti changu, akajaribu kuweka miguu kwenye kibao. Mirefu kama yako, ilipitiliza, magoti yakagonga meza. Akajaribu tena. Akakipapasa kibao kwa kiganja. Kisha akasema, "Mama, hiki kilipimwa kwako." Sikuwa nimemwambia lolote.

Tukalia kidogo, tukapika chai.

Basi nimemkubalia, nakwenda Mbeya Jumapili. Meza inakwenda nami, na rejeta yake, na kibao. Dereva amelalamika kuhusu uzito, Upendo akamwambia afunge kamba tu. Nakuahidi nitakaa hapo kila jioni nitakayojaliwa, na siku nitakapoletwa Njombe kulala kando yako, usiniulize habari za mashine. Uliza unachotaka kuuliza. Nitajibu mbele ya kaka zako wote.

Nilijua, Baba Upendo. Tangu jioni ya kwanza. Miguu yangu ilipata joto.

Asante. Lala salama, Mwalimu.

Mama Upendo