Ng'ombe wa Noela

Ngokolo, Shinyanga
2 Oktoba 2024

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama, Mungu amrehemu, alitufunza kwamba mkubwa huamkiwa hata kama umemnunia, na mimi nimekununia, ujue hivyo tangu mstari wa kwanza. Habari za hapo Isaka, bandarini? Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua na kupakua mifuko ya saruji? Mama Benjamini na watoto hawajambo? Na huyo mke mdogo, Loveness, ameshazoea? Mimi ni mzima. Malaria ya mwezi wa nane imeniachia, ila vumbi la hapa Ngokolo linaingia mpaka kwenye sufuria ya mboga, na mvua hata dalili hakuna.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu namba yangu umeifungia. Nimepiga kwa simu ya jirani, ukasikia sauti yangu ukakata. Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja kupakia hapo bandari ya nchi kavu, na nimemwagiza asiiache getini, akupe mkononi. Ukikataa kuisoma, atakusomea yeye mbele ya wapakiaji wenzako. Usidhani natania.

Jambo lenyewe ni Noela. Huu ni mwezi wa nne mtoto wa mdogo wetu Ndaki hayuko na mama yake. Ana miaka mitatu, yuko kule Geita machimboni, analelewa na bibi ambaye kabla ya mwezi wa sita hakuwahi kumwona. Na wewe ndiye uliyepokea ng'ombe wanane ili aende.

Mila ya kukomboa mtoto naijua, usinifundishe. Mwanamume akizaa na binti wa watu bila kumuoa, mtoto ni wa kwa akina binti, mpaka siku huyo baba atakapoleta ng'ombe, wazee wakawapokea, na mtoto akahesabika wa kwake. Sawa. Lakini Edson ni nani hata akakomboa? Alikuja bondeni kwetu na wenzake kutafuta dhahabu, akampa Ndaki mimba, akaondoka bila kuacha hata kipande cha sabuni. Miaka mitatu hakuuliza mtoto anakula nini. Leo shimo lake limetoa, ana karasha la kusagia mawe, ana nyumba ya bati la rangi, ndipo anakumbuka kwamba ana damu yake kwetu. Na wewe, badala ya kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, ulikwenda kuwafungua ng'ombe midomo uone meno yao.

Siku ile nilikuwepo, nimekaa upande wa wanawake, nikakusikia. Mzee mmoja aliuliza kama mama wa mtoto ameridhia. Ukajibu kwamba kiziwi hana la kuridhia wala la kukataa. Watu wakacheka. Wewe ndiye baba yetu sasa, wewe ndiye uliyebaki kumsemea Ndaki, na hilo ndilo ulilomsemea.

Ng'ombe wenyewe hawakumaliza hata miezi miwili zizini kwetu. Wote wanane walikwenda kwa baba yake Loveness. Umeoa mke wa pili kwa mtoto wa Ndaki, kaka, na kwenye harusi ulivaa suti. Hata ukitaka kuwarudisha leo, utakwenda kumwambia mkweo nini?

Nataka nikukumbushe huyo unayesema hana la kusema ni nani. Baba aliponipeleka mimi shule, mama aliomba Ndaki naye apelekwe shule ya viziwi. Baba akasema ni mbali, na nani atachota maji. Wewe ulikuwa mtu mzima tayari, ukamuunga mkono. Kwa hiyo Ndaki hakufundishwa ile lugha ya alama ya shuleni. Lugha yake ni ile tuliyoitengeneza wenyewe uani, mama, wewe, mimi na yeye, ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeijua yote. Kwa lugha hiyo jina lako ni kuvuta sikio, langu ni kuonyesha pengo la meno. Na kwa lugha hiyo hiyo amelima shamba lake mwenyewe, anakausha viazi vitamu, anauza michembe mnadani na hapunjwi na mtu. Noela alipozaliwa, majirani walisema mtoto atalia usiku mpaka akauke. Ndaki alichana kipande cha kitenge, akakifunga kwenye mkono wake upande mmoja na kwenye mguu wa mtoto upande wa pili. Mtoto akijigeuza tu, mama ameamka. Mimi nimezaa wawili na nasikia vizuri, lakini sijawahi kuamka haraka hivyo.

Mwezi wa nane, ulipokuwa unahangaika na harusi, Ndaki alitembea peke yake mpaka ofisi ya kata akiwa na kadi ya kliniki ya Noela. Akaiweka mezani, akapiga kifua chake, akakaa chini, na hakuondoka mpaka afisa ustawi wa jamii akapigia simu chama chetu cha kutetea watu wenye ulemavu. Mwenyekiti wetu, Mama Mwanaima, yule anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, alikuja mwenyewe kutoka Shinyanga. Aliwaeleza wote pale kwamba sheria inachukulia mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, labda iwepo sababu nzito ya kumtoa, na kwamba uziwi wa mama si sababu. Wakakuita. Ukasimama, ukaapa kwa kaburi la mama kwamba Ndaki alikubali, kwamba yeye mwenyewe alimvisha mtoto gauni la njano, akamkabidhi kwa mama yake Edson kwa mikono yake, tena anatabasamu. Mama Mwanaima akakwambia mbele ya watu kwamba wewe ni mwongo unayeuza watoto. Wanachama waliokuja naye wakapiga makofi. Ulitoka umeinamisha kichwa, na tangu siku hiyo simu zangu hupokei.

Kesi ikapelekwa mahakama ya watoto, ikatajwa tarehe 24 ya mwezi uliopita. Wewe hukuja. Edson alikuja na wakili, na alikaa pale anachezea funguo za gari. Mahakama ilikuwa imemwita mkalimani wa lugha ya alama kutoka Mwanza, kijana mwenye adabu, lakini alama zake Ndaki hazijui na za Ndaki yeye hazijui. Walijaribu karibu saa nzima. Mwishowe karani akasema kwa sauti kwamba labda huyu mama ana tatizo la akili pia. Nilitaka kumrukia. Kesi imeahirishwa mpaka Jumanne ya tarehe 15, na hakimu amesema siku hiyo asipopatikana mtu wa kumfasiria Ndaki, ataamua kwa ushahidi alionao. Alionao ni wa Edson na ule wa kwako wa ofisi ya kata, kwamba mama alikubali.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa. Mpaka hapa umesoma matusi tu, na mengi yake unayastahili. Ninalokuambia sasa sijamwambia mtu ila Mama Mwanaima, na yeye nimemwambia Jumapili iliyopita.

Siku ile ya ng'ombe, yule mzee hakuridhika na jibu lako. Alisema binti lazima aambiwe. Ukanituma mimi, kwa sababu mikono yangu ndiyo myepesi kuliko ya wote. Nilimkuta Ndaki jikoni anamenya viazi vya michembe, Noela amekaa mapajani mwake anachezea maganda. Nilitakiwa kumwambia kwamba mtoto anakwenda kwa baba yake, kwamba harudi, na nimuulize kama anakubali. Sikumwambia. Nilijifinya begani, alama yetu ya sindano, nikaonyesha kwamba mtoto anapelekwa kuchanjwa. Akaniuliza atarudi lini. Nikaweka kiganja shavuni kama mtu aliyelala, nikanyoosha kidole kimoja. Usiku mmoja tu.

Akaamini. Kwa nini asiamini, mimi ndiye ninayempeleka kliniki siku zote. Akanawa mikono, akamvisha Noela gauni la njano, akamkabidhi kwa yule bibi mwenyewe, anatabasamu kama ulivyosema. Mimi nikarudi kwenu wanaume, nikasema amekubali.

Kwa hiyo ofisini hukusema uongo. Uliapa kwa ulichokiona na nilichokuambia. Mwongo nilikuwa mimi, nimekaa pale na fulana ya chama iliyoandikwa haki sawa mgongoni, na walipokuita mwongo, nami nilipiga makofi.

Usifikiri nilifanya hivyo kwa kukuogopa, ningekuwa nakuogopa ningekuambia hivyo. Niliangalia lile gari la Edson, nikamwangalia bibi mwenye masikio mazima, nikajisemea mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuzungumza, atajifunza nini kwa mtu asiyesikia. Nikaona nikimwambia Ndaki ukweli atakataa, na akikataa ataharibu bahati ya mtoto. Yaani nilimwamulia, kama ulivyomwamulia wewe, na kama alivyomwamulia baba. Mimi, Limi, ninayezunguka vijijini na kipaza sauti kuwaambia watu kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kulea mwanawe. Niliyasema kwa watoto wa wengine. Lilipofika kwetu, sikuyaamini. Nilijichukia kwa hilo, na kwa kuwa kujichukia kunachosha, nikawa nakuchukia wewe.

Ndaki alikaa kando ya barabara kesho yake tangu asubuhi, na keshokutwa yake. Mama Benjamini, aliyekuwa bado pale nyumbani, aliniambia kwenye simu, nikajifanya mtandao unasumbua. Siku ya tatu alibomoa kichanja cha michembe, akavitupa viazi vyote kwa mbuzi. Hakuhitaji mtu wa kumweleza nani amemdanganya.

Mama Mwanaima nilipomaliza kumwambia hakunitukana. Alininyang'anya kipaza sauti, akaniambia hatanifukuza chamani mpaka niyaseme hayo yote mahakamani, na baada ya hapo ataona. Nitayasema tarehe 15. Hakimu akitaka kunifunga, anifunge. Lakini Mama Mwanaima mwenyewe ameniambia kwamba maneno yangu peke yake hayatoshi, kwa sababu wakili wa Edson atasema mtu aliyekiri uongo haaminiki. Hakimu anataka kumsikia mama wa mtoto.

Na hapo ndipo nilipokwama, kaka. Ile tarehe 24, kijana wa Mwanza aliposhindwa, hakimu aliuliza kama yupo ndugu anayeweza kumfasiria. Nikainuka. Nikaenda mbele yake, nikanyanyua mikono. Ndaki alinitazama mara moja, akafumba macho. Hakimu akadhani anaumwa. Nilimgusa bega, akalitoa bega, macho kayafumba vile vile, mpaka nikarudi kukaa. Jumamosi nilikwenda nyumbani, nikamkuta anatwanga. Nikipita mbele yake anafumba, nikihamia upande mwingine anafumba, na mchi haukusimama. Nilishinda naye kutwa nzima. Mtu asiyesikia akifumba macho, huna tena pa kumpitia. Nililia mbele yake na hata hilo hakuliona.

Mama hayupo. Baba hayupo. Wa kuijua lugha ile tumebaki wawili, na mimi amenikataa, ana haki. Kwa hiyo narudi kwako, kwa mtu niliyemtukana kurasa zote hizi, na siombi radhi kwa yale ya ng'ombe, maana ng'ombe uliwapokea na lile neno la kwamba kiziwi hana la kuridhia ulilitamka wewe. Naomba radhi kwa lile la kukuita mwongo. Njoo Jumanne. Simama mbele yake, na kila atakachokisema kwa mikono kiseme kwa mdomo wako, usipunguze neno, hata anapokushtaki wewe, hata anapouliza ng'ombe wako wapi. Usipokuja, mahakama itaandika kwamba mama alikubali, na Noela atakulia Geita akijua kwamba mama yake alimvisha gauni akamtoa. Mimi nilimdanganya. Wewe bado anakutazama.

Mahakama inaanza saa tatu, lakini fika mapema, yeye hupenda kukaa karibu na mlango. Msalimie sana Mama Benjamini, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka. Loveness naye msalimie, sina ugomvi naye. Hakuna aliyemwambia ng'ombe walikotoka, na ni wewe wa kumwambia. Dereva atarudi Ijumaa. Kama hutaki kupiga simu, mpe neno moja tu aniletee, kwamba unakuja au huji.

Ni mimi mdogo wako,
Limi