Nusu Kijiko

Jumatatu, 4 Mei

Kwako mdogo wangu,

Hujambo huko kazini? Sisi tupo, ila Baba ndiyo hivyo. Hospitali wamesema la kumponya halipo tena, akapumzike kwenye kitanda chake. Sasa anatujia muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, mama mpole, anavua viatu mlangoni hata nikimkataza. Ametuachia dawa ya maumivu, kijiko kimoja kwa saa zake.

Akishainywa, Baba anasafiri akiwa hapo hapo kitandani. Jana alizunguka nyumba zote alizowahi kupaka rangi. Aliingia chumba baada ya chumba, akamcheka yule mwalimu aliyetaka jiko la zambarau. Anainua mkono, anapaka hewani taratibu, kisha ananionya nisiegemee ukuta, haujakauka. Nami, sijui kwa nini, nikasogea.

Anakuulizia. Njoo.

Dada yako

Jumatano, 6 Mei

Dada yangu mpenzi,

Habari za kuuguza? Mpe Baba shikamoo yangu. Ujumbe wako nimeusoma stoo, nimekalia maboksi, nikainuka kwenda kuomba ruhusa. Nimepata, nafika Jumapili.

Nakuomba kitu kimoja. Hiyo dawa mpunguzie, inamchukua. Nataka nimkute ana akili zake, anitanie hata kidogo. Miaka yote hii namsikia kwenye simu tu. Nifanyie hilo, dada.

Mdogo wako

Ijumaa, 8 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu nazifupisha. Nilikusikiliza. Tangu jana nampa nusu kijiko. Akili zimemrudia kweli, na maumivu yamerudi nazo. Baba, aliyekuwa akianguka ngazini anainuka anacheka, leo ameng'ata shuka.

Muuguzi alipokuja aliitazama chupa, akanitazama mimi. Hakunifokea. Aliketi, akauliza dawa namwekea nani. Nikamweleza kwamba unakuja. Baba akasikia, akasema kwa shida, "Mwacheni aje. Nitamsubiri hivi hivi."

Nilitoka uani nikalia mpaka nikachoka. Anavumilia kwa ajili yako, na kijiko ninakishika mimi. Roho yangu haiwezi tena. Lakini nikimpa yote, huenda ukamkuta kwenye usingizi asiotoka, nami sitaki unichukie maisha yote. Niambie nifanye nini.

Dada yako

Ijumaa hiyo hiyo, alasiri

Dada,

Mpe kama muuguzi alivyosema. Mpe sasa hivi, mengine utasoma baadaye. Sikuchukii. Niliomba bila kujua ninaomba nini, na mzigo nikakutwisha wewe. Akishatulia, inama umsomee haya sikioni.

Baba, shikamoo. Ni mimi, mwanao. Nakuja, na nitakaa pembeni yako hata usipofumbua macho. Nitakushika mkono, nitaongea mimi kwa wote wawili, unajua siishiwi maneno. Nilitamani sana kukusikia, sikufichi. Lakini kama umechoka, Baba, lala. Usinisubiri.

Mwanao