Sindano ya Mama Iliposimama

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Kifua chako je, kimepona? Sisi hapa tunamshukuru Mungu, ingawa neno "wazima" siwezi kuliandika bila kulifafanua.

Baba ametoka hospitali. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia. Mguu anauburuta, na mkono umelala tu mapajani kama si wake. Maneno yanatoka yamelowa, lakini mimi nayaelewa. Neno la kwanza alilosema nilipomwingiza kwenye karakana yetu ya ngozi lilikuwa "vumbi". Nikacheka, nikalia, nikachukua ufagio.

Kitanda chake nimekihamishia humo humo karakana, kwa sababu chumbani kuna ngazi. Analala akitazamana na vifaa vyake ukutani. Mimi nimeshamaliza shule na wenzangu wametawanyika, kwa hiyo nina nafasi ya kumtunza. Namwogesha, namlisha, namgeuza. Ninachoshindwa ni wateja. Jana alikuja muuza nyama kuulizia ala ya kisu chake.

"Fundi yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

Akainama, akaniuliza kama naumwa jino. Ndivyo sauti yangu ilivyo ndogo, unaijua. Baba aliponibandika jina la Chiriku alikuwa anafanya mzaha tu. Ndiyo maana nakuandikia. Simu ipo, lakini kwenye simu mimi huwa napumua tu.

Mkoba wako, ule Mama aliokuwa anakushonea, bado umebanwa kwenye kibano, vile vile Mama alivyouacha siku aliposema anaupumzisha mkono kidogo. Sindano zote mbili zinaning'inia kwenye uzi. Baba aliufunika kitambaa baada ya mazishi, na hakuna anayeugusa.

Dada, tangu Mama azikwe hujaja. Sikulaumu. Nauliza tu, utakuja lini? Kila basi likipiga honi barabarani Baba anageuza shingo.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, na pole, na pole tena. Kifua kimepona. Nilisoma barua yako nimesimama jikoni kwa watu, nikaunguza maziwa.

Nisikilize vizuri. Usimwinue Baba kwa kuuvuta ule mkono uliolala, bega litachomoka. Kunja magoti, mkumbatie kiunoni, mwambie mnainuka pamoja, ndipo muinuke. Ukimvisha shati anza na mkono mgonjwa. Ukimvua, malizia nao. Mgeuze kabla hajalalamika, kwa sababu unamjua, hatalalamika. Mkaushe vizuri katikati ya vidole.

Haya yote nimejifunza kwa bibi ninayemtunza hapa. Mgongo wake naujua kuliko nilivyoujua wa Mama. Watoto wake wanakaa mtaa wa pili, wanapiga simu kuniambia "asante dada". Na mimi baba yangu anauguzwa na mtoto aliyemaliza shule juzi. Ukiliwaza sana jambo hili unaweza kukaa chini usiinuke.

Kuja nitakuja. Ruhusa ndiyo inayosumbua.

Na huo mkoba, tafadhali, msiuguse. Nikiwa namkanda huyu bibi miguu, huwa najiambia Mama ametoka mara moja kwenda kutafuta nta ya kupaka uzi, na kazi yake inamsubiri kibanoni. Mkiumaliza, na yeye atakuwa amemalizika.

Msalimie Baba. Mwambie karakana haijawahi kuwa safi hata alipokuwa mzima.

Dada yako


21 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na huyo bibi wako anaendeleaje? Hapa hali ni ya kuazima. Leo nzuri, kesho inarudishwa.

Shati nalivisha kama ulivyonielekeza na linaingia bila vita. Lakini Baba amegeukia ukuta. Nesi wa mazoezi alimletea mpira wa kuminya. Baba akamwambia, "Mimi mtoto?" kisha akaurusha kwa mkono wake mzima, ukagonga kopo la gundi, likamwagika juu ya viatu vya mwalimu mstaafu. Nimevisugua hadi vidole vimechubuka. Mwalimu alipokuja nikamweleza yote, kwa sauti inayosikika, Dada, ungejivunia. Akasema kwa kuwa vimeng'aa kuliko siku alipovileta, hana neno.

Nesi aliniita kando. Akasema Baba asipopata kitu anachokitaka mwenyewe, mwili utazoea kulala. Nikarudi nikamuuliza, "Baba, unataka nini?" Akainua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye kile kitambaa kilichofunika mkoba.

Nikamwambia Dada amekataa.

Tangu hapo hajaelekeza kidole popote, hata kwenye maji. Nakisia mwenyewe lini ana kiu.

Dada, nipe ruhusa. Au njoo, umwambie hapana kwa kinywa chako.

Mdogo wako,
Chiriku


5 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima.

Hapana. Mpe mshipi ashone, mpe kiatu cha jirani, mpe kipande chochote. Karakana nzima imejaa ngozi, kwa nini iwe huo?

Wewe ulikuwapo. Ulimshika Mama mkono, ulimfunika macho, udongo wake ulikanyaga. Mimi nilibaki na mkoba ambao hata sijauona. Ndio fungu langu. Niachieni.

Na kwa kuwa umeniuliza mara mbili, nitakujibu mara moja. Ruhusa nilishapewa zamani. Siji kwa sababu nikifika mlangoni itanibidi niingie, nikiingia itanibidi niite "Hodi, Mama", na sijui nitafanya nini baada ya hapo.

Mgeuze Baba.

Dada yako


30 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Nilitaka kukujibu Aprili nikashindwa. Kila nilichoandika kilikuwa kama nabishana na wewe, na mimi sijui kubishana.

Nilifuata ulivyosema. Nikampa Baba mshipi. Akauweka kifuani, akalala. Nikampa ulimi wa kiatu, akautumia kujipepea. Halafu asubuhi moja nilikuwa uani nafua shuka, nikasikia kitu kikiburutwa. Nilipoingia, kitanda kilikuwa kitupu. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi ya Mama. Dada, alifika pale peke yake! Sijui alishika nini njiani. Kitambaa kilikuwa sakafuni, na yeye ameshika sindano moja kwa mkono wa kushoto, anaitazama ile nyingine inayoning'inia upande wa pili, asiweze kuifikia. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Nilikukumbuka wewe. Nakuapia nilikukumbuka. Ilibidi nimnyang'anye sindano au nikae. Nikakaa.

Unajua mshono wetu, uzi mmoja na sindano mbili, moja kila upande wa ngozi, zinapishana kwenye tundu moja. Ni kazi ya mikono miwili. Basi tulikaa bega kwa bega, kibano mbele yetu, yeye kushoto na mimi kulia. Yeye akapitisha yake, mimi nikafuata na yangu, tukavuta. Mkono wangu wa pili nilimzungushia mgongoni asianguke. Ule wake uliolala tukauweka juu ya ngozi uikandamize.

Mwanzo nilivuta kwa nguvu, uzi ukaumia.

"Polepole," akasema. "Unavuta mbuzi?"

Nikavuta polepole mno. "Sasa unabembeleza."

Tukafumua, tukarudia. Tulivyoendelea, Baba akaacha ghafla. Akainama hadi pua inagusa ngozi. Nikadhani anazidiwa.

"Tazama," akaniambia.

Nikatazama. Dada, unakumbuka Mama alivyokuwa anatangulia na mkono wa kushoto, na mishono yake ikalala upande wake, na ya Baba ikalala upande mwingine? Tulikuwa tukiwatania kwamba hata usiku mishono yao imenuniana. Sasa Baba hana mkono mwingine wa kutangulia nao zaidi ya huo wa kushoto. Mishono yetu ilikuwa imelala kama ya Mama. Vile vile. Baba akapitisha kidole gumba mbele na nyuma, akasema jina la Mama, bila kulowa hata herufi moja.

Tuliushona kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Alikuwa ananiamsha yeye. Anakula sasa. Na siku ya mwisho, tulipokuwa tunafunga uzi, niliuhisi mkono wake wa kulia ukibonyeza ngozi. Wewe unajua mambo haya kuliko mimi. Nesi amesema si ndoto.

Nimekuvunjia neno lako, na sitasema sikufanya makusudi. Nilitaka tuubakize hapa tukungoje, Baba akasema, "Mtumie. Mama yako aliahidi atamtumia." Kwa hiyo utaupata pamoja na barua hii. Harufu ni ya nta. Usiufunge kwenye plastiki, ngozi inataka kupumua.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, ujue nimeelewa.

Mdogo wako,
Chiriku


2 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai kimya chako ni cha hasira tu na si cha ugonjwa, kwa sababu hasira yako naijua na siiogopi sana.

Baba anatembea na fimbo hadi mlangoni. Tumemaliza ala ya muuza nyama, mimi na yeye, mkono na mkono. Alikuja kuichukua akauliza tena, "Fundi yuko wapi?" Nikamjibu, "Wako wawili, unamtaka yupi?" Baba akacheka hadi nikamshika.

Mabasi bado yanapiga honi. Sasa tunageuza shingo wote wawili.

Mkoba ulifika?

Mdogo wako,
Chiriku


20 Julai

Chiriku mdogo wangu,

Marahaba. Si mgonjwa. Ulifika.

Niliuacha kwenye kifurushi, chini ya kitanda, muda mrefu tu. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nilijiambia nitaufungua, nitapatafuta pale mkono wa Mama unapoishia na wenu unapoanza, ili angalau nijue nilie wapi.

Mshono wa Mama naujua hata nikiwa nimefumba macho. Nimeuzungusha mkoba huu kuanzia mdomoni hadi chini na kurudi. Nimeupapasa kwa kidole, nimeupapasa kwa ulimi, usimwambie mtu. Nimempa bibi aupapase, macho yake hayaoni lakini vidole vyake vinaona. Akachukua muda wake, akaniambia, "Hii kazi ya mtu mmoja."

Sipaoni, Chiriku. Aliishia wapi? Niambie. Ni tundu la ngapi kutoka kwenye kona? Nimekuwa nikilala nimeukumbatia nisijue mahali pa kuweka mkono.

Sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika, imeisha.

Dada yako


3 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako hadi mikunjo imelegea.

Nitakwambia kweli. Sikumbuki. Siku ile ya kwanza nilitaka kuweka alama ya penseli pale tulipoanzia, Baba akanichapa kofi vidoleni. Baadaye nikaona nitapajua tu, na kadiri tulivyosonga ndivyo palivyozidi kufanana.

Nikamsomea Baba swali lako. Akasema, "Mimi napajua."

"Wapi, Baba? Nimwandikie."

Akatikisa kichwa. Akainua kidole gumba cha kushoto. Anasema kinachopajua ni hicho, na kidole hakiandiki barua. "Aulete," akasema. "Yeye mwenyewe. Nitamwonyesha."

Sijui kama anapajua kweli au anakulaghai. Alikuwa na uso ule ule wa kumwambia mteja kazi yake itakuwa tayari kesho.

Lakini Dada, mimi sina kidole kinachojua kitu, kwa hiyo naomba kwa jina langu mwenyewe. Barua zote hizi nimekuandikia habari za Baba kwa sababu niliona aibu kuomba kwa ajili yangu. Naanza kuisahau sauti ya Mama. Maneno yake ninayo, sauti ndiyo inayofifia. Na wewe ndiye unayecheka kama yeye. Nikiwa nakausha vyombo huwa najaribu kukuiga, inatoka kama kikohozi.

Ukifika mlangoni huhitaji kuita hodi. Nitakuwa nimekaa nje. Nitakuona kabla hujaita, tutaingia pamoja, na ukishindwa, nitakukumbatia kiunoni nikwambie tunainuka pamoja. Umenifundisha mwenyewe.

Kitanda chako nimekitandika.

Mdogo wako,
Chiriku


17 Agosti

Chiriku wangu,

Marahaba.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye tundu moja, pale ninapodhani. Mwambie Baba akioshe kidole chake na akiweke tayari, na akisema nimekosea nitabishana naye mpaka jirani waje.

Bibi nimemwachia wanawe. Nimewaonyesha jinsi ya kumvisha.

Usiijibu barua hii. Jibu lako litapishana nami njiani.

Kaa nje.

Dada yako